Kigawo, Kigawe na Mmumunyo: Historia Fupi ya Istilahi za Hisabati na Kemia Shuleni Tanzania

Ikisiri

Makala hii inafuatilia safari ya istilahi za hisabati na kemia katika shule za Tanzania tangu 1967. Inadai kwamba istilahi nyingi za Kiswahili zimebeba dhana ndani ya maumbo yake, na kwamba mwanafunzi hunufaika pale tu mwalimu anapoyafungua maumbo hayo.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia nchini Tanzania umezoea kuuliza iwapo Kiswahili kina istilahi za kutosha. Swali hilo limejibiwa mara nyingi. Lililosahauliwa ni jingine: istilahi zilizokwisha kuundwa zinamsaidiaje mtoto kuelewa? Makala hii inalijibu kwa kuangalia historia ya istilahi chache za msingi.

2.0 Kutoka Shule ya Msingi hadi Kizingiti cha Sekondari

Kabla ya 1967 Kiswahili kilitumika kufundishia katika madarasa ya chini, kisha Kiingereza kikashika nafasi. Kufuatia falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka huo, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu ya msingi. Mwaka huohuo iliundwa sheria iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Mwaka 1970 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyombo hivyo viwili vilibeba sehemu kubwa ya kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi.

Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika Kidato cha Kwanza ifikapo 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata hivyo, waundaji wa istilahi hawakuweka kalamu chini: mwaka 1990 TUKI ilichapisha *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia*. Kamusi ilikuwa tayari, lakini darasa la kemia la sekondari liliendelea kufundishwa kwa Kiingereza.

3.0 Dhana Ndani ya Umbo

Tuanze na hisabati. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) na Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS). Kwa 12 na 18, KKS ni 6 na KDS ni 36. Istilahi hizi hutofautiana kwa irabu moja tu, na mwenye kukariri vifupisho huzichanganya kwa urahisi. Lakini irabu hiyo moja ndiyo somo lenyewe. Kiambishi tamati *-e* katika *mtume* (aliyetumwa), *kiumbe* (kilichoumbwa) na *mteule* (aliyeteuliwa) huonyesha mtendwa. *Kigawe*, basi, ni kile kinachogawika. Kiambishi *-o*, ingawa kina kazi nyingine pia, katika *kifuniko* na *kizibo* huonyesha kitendea kazi. *Kigawo* ni kile kinachogawa. Kwa hiyo 6 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 6. Mtoto anayejua mtume ni nani tayari ana ufunguo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha mlango.

Si kila istilahi huangaza kwa kiwango kilekile. *Witiri* na *shufwa* zimetoka katika Kiarabu. Mtoto aliyelelewa akisikia sala ya witri ana pa kushikia, ilhali mwenzake asiye na mazingira hayo hukutana na maneno matupu. *Namba tasa* nayo ni sitiari yenye makali mawili. Inaeleza vema kwamba 7 haina vigawo zaidi ya 1 na yenyewe. Lakini mwanafunzi anaweza kudhani kwamba namba hizo hazizai chochote, kumbe kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa. Hapa sitiari inahitaji kusahihishwa na mwalimu.

Katika kemia, lugha ya kila siku husema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka katika chai. Matukio hayo ni mawili tofauti. Barafu huhitaji joto tu ili iwe maji. Sukari huhitaji kimiminika cha kuipokea. Istilahi *mmumunyo*, inayotumika sambamba na *myeyusho*, imetokana na *mumunya*. Anayemumunya peremende anajua kwamba bila mate haiishi, na kwamba utamu wake haupotei bali huenea mdomoni. Tofauti ambayo *yeyuka* huificha, *mumunya* huidhihirisha. Kinyume chake, neno *chumvi* limefungwa na jikoni. Mwanafunzi lazima aambiwe kwamba mrututu, ambao ni salfeti ya shaba, nao ni chumvi kikemia, ingawa ni sumu.

4.0 Hitimisho

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Historia tuliyoieleza inatahadharisha kwamba tamko, kama ilivyokuwa kwa kamusi, halifiki darasani kwa miguu yake. Kila mwaka mtoto aliyekwisha kuelewa kigawo na kigawe huvuka kizingiti cha Kidato cha Kwanza na kuanza kukariri majina mapya ya vitu anavyovijua. Asiyevielewa huongezewa pazia la pili. Wanaisimu tuna deni hapa. Tumetumia miongo kadhaa kuhesabu istilahi tulizoziunda. Sasa mofolojia itoke katika mihadhara yetu na iingie katika mafunzo ya walimu wa hisabati na kemia, ili anayeandika *kigawe* ubaoni ajue, na aweze kueleza, kwa nini neno hilo linaishia na *-e*.