Mpagazi Ndani ya Kisanduku cha Plastiki

Nikiandaa mhadhara kuhusu Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, nilitamani kuwaonyesha wanafunzi wangu kitu ambacho hakipo: sanamu ya kuchezea ya mpagazi wa vita hivyo, ndani ya kisanduku chenye dirisha la plastiki, mithili ya zile sanamu za wanajeshi ambazo hata watu wazima huzinunua na kuzihifadhi bila kuzifungua. Kwa kuwa sina kiwanda, nilichukua askari wa plastiki wa mwanangu, nikampiga picha, kisha nikaanza kumbadilisha kwa programu ya kuhariri picha.

Askari huyo ana ukoo. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa G.I. Joe, sanamu yenye urefu wa takriban sentimita 30 na viungo 21 vinavyosogea. Kampuni ilikataa katakata kuiita mwanasesere, kwa hofu kwamba wavulana wasingeikubali. Ikaibuniwa jina jipya la sanamu ya mapambano. Shavuni ilitiwa kovu, ili nakala za kuigwa zitambulike. Mwaka uliofuata alitolewa askari mweusi, lakini hakuchongewa sura yake: ni kalibu ileile ya Mzungu, iliyopakwa rangi ya kahawia. Vita vya Vietnam vilipowachosha Wamarekani, askari huyohuyo aligeuzwa kuwa mvumbuzi na mwokoaji. Kumbe kubadilisha vazi na kubakiza mwili ni desturi ya viwanda vyenyewe. Mimi nilikuwa nikiirudia tu.

Kofia ya chuma niliifuta kwa dakika chache. Viatu navyo nikavifuta, kwa maana wapagazi wengi walitembea pekupeku. Kichwani nikamtwika mzigo, ambao kwa kawaida ulikuwa na uzito wa takriban kilo 25. Kilichonishinda ni mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimekunjwa kwa ajili ya bunduki, na nilipoiondoa bunduki, vikabaki vimeshika hewa. Kila nilipojaribu kuvinyoosha picha iliharibika. Hatimaye nilivifunika kwa blanketi.

Ugumu huo ulinikumbusha Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam, iliyosimikwa mwaka 1927. Anayeonekana pale ni mwenye bunduki, peke yake. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, angalau ina mpagazi miongoni mwa watu wake watatu. Ilhali vita vile vilibebwa vichwani. Barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Hivyo chakula, risasi na majeruhi vilihamishwa na watu. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi zaidi ya 40,000 walifariki, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na chakula kibovu. Mishahara ya maelfu ya marehemu hao haikuwafikia kamwe ndugu zao. Kumbukumbu yao iliyo hai zaidi ni jina la soko: Kariakoo kwetu, na Kariokor kule Nairobi, matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao.

Ilibaki kuandika maneno ya kisanduku. Visanduku vya namna hii humhimiza mnunuzi kwa kaulimbiu: "Kusanya wote!" Nami nikaiandika kwa mzaha, kisha nikasita. Mwaka 1917, katika nchi tunayoiita leo Kenya, serikali ya kikoloni iliendesha msako wa jumla wa wanaume ili kujaza kikosi cha wapagazi. Waliokusanywa wakati ule walikuwa watu.

Niliyaacha maneno hayo kama yalivyo. Nilipoonyesha picha ukumbini, wanafunzi walicheka, kama nilivyotarajia. Kisha mmoja akauliza: "Mwalimu, mbona mkono wake mmoja umefichwa?" Mhadhara wangu ulianzia hapo. Tumerithi kalibu ya shujaa ambayo mkono wake umeumbwa kushika silaha, na tunapotaka kumheshimu aliyebeba mzigo, tunampaka rangi tu juu ya kalibu hiyo. Mpagazi anastahili kuchongwa upya, kuanzia vidole.