Chanjo ya Surua na Usonji: Hofu Hii Ilitoka Wapi?

Leo tunajibu swali ambalo akina mama huuliza kliniki, wengine kwa sauti ya chini kana kwamba wanaogopa kugombezwa: "Sista, ni kweli chanjo ya surua huleta usonji?"

Mama, swali hili si la aibu. Anayeuliza anampenda mwanawe. Ili upate jibu, ni vizuri ujue hofu hii ilianzia wapi.

Kwanza, usonji ni nini? Ni hali ambapo ubongo wa mtoto unakua kwa njia tofauti. Huenda akachelewa kuongea, asikutazame machoni, asiitike ukimwita jina, au arudie jambo moja mara nyingi. Si laana, wala si malezi mabaya.

Habari yenyewe ilianza London, Uingereza, mwezi wa Februari 1998. Daktari Andrew Wakefield na wenzake waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu watoto 12 tu. Wazazi wa watoto 8 walisema dalili zilianza baada ya chanjo inayokinga surua, matubwitubwi na rubela kwa pamoja. Makala yenyewe ilikiri kwamba haikuthibitisha kuwa chanjo ndiyo sababu. Lakini Wakefield aliwaambia waandishi wa habari kwamba ni afadhali chanjo hizo zitenganishwe. Magazeti yakashika habari hiyo, na wazazi wakaingiwa na hofu.

Mwaka wa 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alikuwa akilipwa na mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Mwaka huohuo, wenzake 10 walijitenga na maelezo ya kuhusisha chanjo na usonji. Rekodi za hospitali zilipochunguzwa, ilionekana kwamba watoto 5 kati ya wale 12 walikuwa na matatizo ya ukuaji hata kabla ya kuchanjwa. Mwaka wa 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na Wakefield akanyang'anywa leseni ya udaktari. Husemwa njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilichukua miaka 12.

Je, wazazi wale walikuwa waongo? La, hasha. Watoto wengi huko hupata chanjo hii wakiwa na mwaka mmoja hivi, na dalili za usonji huanza kuonekana wazi katika mwaka wa pili. Mambo mawili yakifuatana, ni rahisi kudhani la kwanza limeleta la pili. Jogoo huwika, kisha jua likachomoza, lakini si jogoo aliyelileta jua.

Wataalamu hawakupuuza hofu hiyo. Nchini Denmark walifuatilia zaidi ya watoto 537,000, wakatoa matokeo mwaka wa 2002, kisha wengine zaidi ya 657,000, matokeo yakatolewa 2019. Waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Japani iliacha kutumia chanjo hiyo ya pamoja mwaka wa 1993, lakini idadi ya watoto waliotambuliwa kuwa na usonji iliendelea kupanda.

Waliolipia hofu hii ni watoto. Uingereza na Wales zilikuwa na wagonjwa wa surua 56 waliothibitishwa mwaka wa 1998. Mwaka wa 2008 walikuwa zaidi ya 1,300. Mwaka wa 2006 kijana wa miaka 13 alikufa, kifo cha kwanza cha surua huko baada ya miaka 14.

Hapa Kenya, mtoto hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Baada ya sindano, huenda akapata homa au vipele kidogo, na hali hiyo huisha yenyewe baada ya siku chache. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, na ndiyo sababu tunakuomba usiondoke kliniki mara moja. Surua nayo inaweza kuleta nimonia, kuhara, upofu na hata kifo.

Mama, kumbuka haya:

- Mpeleke mtoto kwa chanjo zote mbili, hata kama umechelewa.
- Beba kijitabu chake cha kliniki kila mara.
- Ukiwa na wasiwasi, muulize muuguzi kabla ya sindano. Ni haki yako.
- Ukiona mtoto haongei wala haitiki jina, usingoje wala usimfiche. Mlete mapema asaidiwe.

Na mama mwenye mtoto mwenye usonji, usijilaumu kwa kumpeleka kuchanjwa. Ulimkinga.