Nyama Choma Ilifikaje Nachingwea na Ruangwa? Stori Inaanzia Mbali Kuliko Unavyodhani

Wadau, siku hizi kila mwenye simu anaangalia sizoni za Kikorea. Na kila sizoni lazima ufike mahali washkaji wanne wamezunguka meza, katikati ya meza kuna jiko, nyama inachomwa hapo hapo. Mmoja anaikata kwa mkasi, mwingine anaifunga kwenye jani la saladi na kumlisha mwenzake mdomoni. Wewe uko zako Nachingwea na sahani ya ugali na kisamvu, mate yanakutoka. Dar es Salaam migahawa ya hivyo ipo, mwenye hela anaenda. Huku kwetu tuna wavu, mkaa na kachumbari, basi.

Sasa watu wanadhani Wakorea walikuwa wanakula hivyo tangu zamani. Sio kweli. Ni kweli wenyewe wanasimulia kwamba zama za ufalme wa Goguryeo, ule aliouanzisha Jumong (wale mliomaliza sizoni nzima mnamjua), kulikuwa na nyama ya kuchoma kwenye vijiti, yaani kama mishkaki. Lakini mtu wa kawaida kula nyama na marafiki zake wikiendi ni jambo la juzi. Nchi ile ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 mpaka 1945, halafu ikapigwa vita 1950 hadi 1953, watu wakabaki hawana kitu. Meza za kuchomea nyama zilikuja kujaa baadaye, uchumi ulipokua. Na mji mmojawapo uliosifika kwa mbavu za kuchoma ni Suwon, kwa sababu ulikuwa na mnada mkubwa wa ng'ombe. Kumbukeni hilo la mnada, tutalirudia.

Turudi nyumbani. Ukiwauliza wazee wa Nachingwea na Ruangwa walikula nini ujanani, watakutajia kuku, mbuzi wa sherehe, nyama ya porini, samaki mkavu kutoka Lindi, na bila aibu watakutajia samaki nchanga, yaani panya wa shambani. Ng'ombe hawamtaji. Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wangindo, wote ni watu wa jembe. Tatizo lilikuwa mbung'o. Mdudu yule anaua ng'ombe, na misitu ya huku ilikuwa ndiyo nyumba yake. Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, vilizidisha hali. Wajerumani walichoma vyakula, njaa ikaua watu wengi sana, mashamba yakarudi kuwa pori. Pori likirudi, wanyama wanarudi, na mbung'o nao wanarudi.

Halafu wakaja Waingereza na karanga. Hii wengi tunaijua kwa kusikia tu. Mpango ulianza 1947 kule Kongwa, kisha Urambo na hapa Nachingwea. Matrekta yakaletwa kung'oa miti, ikajengwa reli kutoka pwani, na Mtwara ikapata bandari. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza imeshindwa. Pauni karibu milioni 36 zikawa zimeliwa, na karanga zenyewe hazikuonekana. Reli ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Mji wa Nachingwea ndio ukabaki, na ndiyo maana ukitembea hapa unaona mitaa imepangwa kama mtu alitarajia wageni wengi. Baadaye wageni kweli walikuja, wapigania uhuru wa FRELIMO, wakawa na kambi yao hapa mpaka Msumbiji ilipopata uhuru 1975. Nao walikuwa wanalima chakula chao wenyewe. Kote huko, nyama choma bado.

Sasa sikilizeni. Ng'ombe wameletwa huku na mgao wa umeme. Sitanii! Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani, mabwawa yamekauka, Mtera ikiwemo. Maji ya Mtera yanatoka Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu inategemea ardhioevu ya Ihefu, kule Usangu, Mbeya. Serikali ikasema wafugaji wamejaza mifugo Ihefu, watoke. Mwaka ule na uliofuata, 2007, Wasukuma na Wamang'ati wakaondolewa na makundi yao, wakaambiwa waelekee Pwani na Lindi. Wengine walifika Kilwa, wengine Liwale, wengine huku kwetu. Walipoteza mifugo njiani, walilipishwa faini, na walipofika waliambiwa hapa ni kwa wakulima.

Hapo ndipo pagumu. Mkulima wa ufuta na mbaazi ambaye babu yake hakuwahi kuweka uzio, maana ng'ombe hawakuwepo, anaamka asubuhi shamba limelala chini. Shangazi yangu yalimkuta, heka mbili za ufuta kwa usiku mmoja. Kesi ikaenda kijijini ikafia huko huko. Kwenye maeneo mengine ya mkoa watu wameumizana kabisa. Kwa hiyo mimi nikisikia watu wamekaa kwenye nyama, wamemaliza kilo mbili, halafu wanawatukana Wamang'ati, nasemaga, kaka, hicho ulichoshika mkononi umekitoa wapi? Na mfugaji naye akisema wakulima wana roho mbaya, namuuliza angekuwa yeye ndiye aliyepalilia angesemaje.

Ng'ombe wakiwepo, mnada unakuja. Mnada ukija, jiko linakuja. Kama Suwon, kama Msalato kule Dodoma, kama Pugu. Watu wa mnadani wanakaa juani kutwa nzima, wana hela mkononi, lazima wale. Kutoka mnadani nyama ikahamia stendi na kwenye baa, na muda si mrefu ukawa huwezi kufungua baa huku bila kuwa na mchoma nyama.

Kilichobaki kilikuwa hela, na hela ya huku ni korosho. Msimu ukikubali, kuanzia Oktoba, hata asiyekujua anakuagizia kilo. Ndiyo ule utani kwamba watu wa kusini wananywesha mbuzi bia. Msimu wa 2018 nao tunaukumbuka vizuri. Wanunuzi walitaka bei ya chini, Rais akasema serikali itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba. Malipo kwa wengine yalichelewa, na majiko mengi yalikaa baridi Krismasi ile. Ruangwa wakafufuka 2019, Namungo FC ilipopanda Ligi Kuu. Simba au Yanga akija, mji unajaa moshi tangu asubuhi.

Kuna vitu tunafanana na Wakorea kuliko tunavyojua. Kwao mdogo kwa umri ndiye anamhudumia mkubwa. Kwetu mdogo ndiye anashika jagi na beseni, wakubwa wananawa kwanza. Wao nguruwe yuko meza moja na wengine. Huku kitimoto ana banda lake, upande wake, na mchoma wake, na tunaheshimiana hivyo hivyo. Ila kwenye kulipa sisi tunachanga. Anayetoroka kwenda kupokea simu tunamjua.

Namjua kijana mmoja Ruangwa anayechoma vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu. Baba yake alikuwa kati ya wale walioliwa mashamba mwanzoni mwanzoni, na mpaka leo mzee hataki kusikia habari ya wafugaji. Kijana kila Jumamosi anapanda bodaboda kwenda kununua ng'ombe kwa mfugaji, wanaelewana bei, wanapeana mikono. Mzee nyama anakula. Haulizi imetoka wapi.