Peugeot Mbili na Udongo wa Usukuma

Wasikilizaji wetu, mtu atokaye Mwanza kwenda Shinyanga hukanyaga udongo wa namna nyingi. Juu, penye majabali, ni luseni, mchanga uchujao maji upesi. Chini yake ni itogolo, mgumu kama sakafu. Na bondeni ni mbuga, udongo mweusi ambao wakati wa masika hulishika gurudumu kama ulimbo. Tumeutaja udongo kwanza kwa kuwa motokaa mbili tutakazozilinganisha, Peugeot 404 na Peugeot 504, zilipata sifa katika Afrika Mashariki kwa kufika, wala si kwa kukimbia tu.

Ile 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake, ya sentimita za ujazo 1,618, ililazwa ubavu ili boneti iwe chini. Ile iliyotengenezwa kwa mwendo wa kasi haikuwa na kabureta, bali pampu iliyopuliza petroli kwa kipimo. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, 404 ilishinda mara 4. Mwaka 1963 mvua ilikuwa kali mno: magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu, na mbele yao alikuwa Nick Nowicki. Huyo huyo alishinda tena mwaka 1968, katika matope mengine, na mara ile pia yaliyomaliza yalikuwa 7. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikuja kwetu Tanzania kwa mikono ya Bert Shankland wa Dar es Salaam na mwenziwe Chris Rothwell.

Mwaka 1968 ndipo 504 ilipotolewa. Hapa yafaa tutazame chini ya gari. Magurudumu ya nyuma ya 404 yalishikwa na ekseli moja ngumu, hata moja likipanda jiwe, la pili nalo huinama. Ya 504 yaliachwa kila moja lipande na kushuka peke yake, tena breki zake zilikuwa za diski pande zote nne. Kwa abiria, tofauti ni kubwa; mgongo wake utamwambia. Mwaka 1975 Ove Andersson na Arne Hertz waliishindisha Safari.

Basi ipi ni bora? Wengi husema 504, kwa kuwa ni mpya zaidi na ina nguvu zaidi. Sisi hatukubali upesi hivyo. Ushindi wa 404 ulipatikana katika njia za nchi jirani zetu pamoja na zetu. Ule wa mwaka 1975 ulipatikana Kenya, na mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Ushindi wa mwaka 1978 ulikuwa wa 504 nyingine kabisa, ya milango miwili na injini ya silinda sita, nayo hatuihesabu.

Tena liko jambo ambalo wasifiaji wa 504 hulisahau. Ile ndefu, ya kubebea watu na mizigo, haikupewa magurudumu ya nyuma ya kujitegemea. Kwa kazi hiyo nzito, watengenezaji waliirudisha ekseli ngumu.