Tinga Tinga Tales

Tinga Tinga Tales ni mfululizo wa katuni uliotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Una vipindi 52, kila kimoja kikieleza asili ya mnyama: kwa nini gamba la kobe lina nyufa, kwa nini kiboko hana manyoya.

Sura ya mfululizo huu inatokana na michoro ya Edward Said Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa kusini mwa Tanzania aliyechora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi jijini Dar es Salaam: macho ya duara, ngozi yenye madoa.

Kwa mtoto wa Mundika, karibu na mpaka wa Busia, sungura wa katuni hii si mgeni. Ni yule yule wa hadithi za nyanya jikoni. Wazazi, itazameni tena pamoja na watoto, kisha mwombeni nyanya asimulie zake.