Mseto wa bibi na mseto wa serikali

Jamani, hii ya bibi yangu wa Migato, kule Simiyu, imenikaa kichwani. Zahanati walimpima, wakakuta malaria, wakampa dawa ya mseto. Akameza dozi ya kwanza, zilizobaki akazificha chini ya godoro. "Mjukuu wangu, hizi ni za serikali. Nenda Bariadi ukaninunulie zile halisi."

"Halisi" kwa bibi ni Coartem. Nikaenda, nikalipa, nikarudi jioni. Mgonjwa kashinda na homa bila dawa. Nikaziweka pakiti mbili pamoja. Artemeta miligramu 20, lumefantrini miligramu 120, vidonge 24, siku tatu. Zote mbili! Tofauti ni jina na rangi ya boksi.

Nilitaka kumcheka, lakini ukiangalia historia huwezi kumlaumu sana. Klorokwini iligunduliwa katika maabara za Bayer, Ujerumani, mwaka 1934. Huku kwetu ilikuwa klorokwini tu, chungu kama shubiri, na sikumbuki mzee yeyote akisimulia kwamba aliuliza ni ya kampuni gani. Vimelea vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikahamia SP. Hapo majina ya pakiti yakaingia midomoni, Fansidar ya Roche ikiwa mojawapo.

Mwishoni mwa 2006 ukaja mseto. Wakati huo mseto wa aina hii uliokuwa umepitishwa na Shirika la Afya Duniani ni mmoja tu, Coartem ya Novartis ya Uswisi. Kwa hiyo dawa na jina la kampuni vilitufikia siku moja, kama mapacha. Ajanta ya India ilipitishwa baadaye, Desemba 2008, halafu zikafuata kampuni nyingine za huko huko India. Lakini jina lilishakaa.

Bei zao ziko chini kwa sababu hawarudii majaribio makubwa ya kuthibitisha kwamba dawa inatibu, hilo lilishafanywa. Wanachotakiwa kuonyesha ni kwamba dawa yao inaingia kwenye damu kwa kiwango na kasi ile ile, na kwamba kiwanda ni safi. Dawa za kughushi zipo, sibishi, ila tapeli naye hughushi jina linalouzika.

Kuna jambo wengi wamelisahau. Kuanzia 2010 Mfuko wa Dunia ulianza kulipia sehemu ya bei ya mseto ili ushuke bei madukani, Tanzania ikiwemo, na pakiti zake zikachorwa jani la kijani. Ya Mswisi ilikuwa na jani, ya Mhindi ilikuwa na jani lile lile.

Nikamweleza bibi yote hayo, nikamsomea na maandishi. Akasikiliza vizuri kabisa, kisha akameza zile za Bariadi. Za zahanati bado ziko chini ya godoro. Nimeziomba nizirudishe, amekataa.