Fungate Katika Madarasa ya Prussia

Mei 1, 1843, Horace Mann alimwoa Mary Peabody mjini Boston, na siku hiyo hiyo wakapanda meli kwenda Ulaya. Safarini walikuwa na maharusi wengine, marafiki zao: Dkt. Samuel Gridley Howe, mkuu wa shule ya wasioona, na mkewe Julia. Mann, mwanasheria aliyekuwa katibu wa bodi ya elimu ya Massachusetts tangu 1837, hakwenda kustarehe. Fungate yake iliishia katika shule na magereza ya watu. Heri bibi harusi naye alikuwa mwalimu.

Kuzuru shule za wenzao ilikuwa desturi ya zama zile. Kule New Lanark, Scotland, kwenye kiwanda na shule ya Robert Owen, karibu wageni 20,000 walitia saini kitabu cha wageni kati ya 1815 na 1825. Huko Yverdon, Uswisi, mwalimu Pestalozzi aliwakirimu wageni shuleni kwake mpaka walimu wake wakataabika. Akifika mtu mkubwa, masomo yalikatizwa ili watoto waonyeshe walichojua.

Mann alikuwa mgeni wa aina nyingine. Prussia na Saxony alitumia kiasi cha wiki sita akitoka darasa hili akiingia lile, akitazama na kusikiliza. Aliwakuta walimu wamesimama mbele ya watoto, hawana kitabu mkononi, wanauliza, wanachora ubaoni, wanauliza tena. Muda wote huo, aliandika, hakuona mtoto akichapwa wala akitokwa machozi. Alijua pia kwamba wasomaji wake hawakupenda utawala wa mfalme wa Prussia, akawaambia kuwa ufundishaji mzuri unaweza kuchukuliwa na ufalme ukaachwa palepale.

Ugenini, basi, adabu yake haikuwa na doa. Nyumbani ndiko mambo yalikoharibika.

Ripoti yake ya saba, iliyotoka mwanzoni mwa 1844, iliwasifu walimu wa Kijerumani kiasi kwamba wa Boston walijiona wamesutwa hadharani. Walimu wakuu 31 walijibu kwa kijitabu cha kurasa 144, wakitetea fimbo, nidhamu na ufundishaji wa kusoma kwa kuanza na herufi. Mann hakunyamaza, naye alitoa jibu refu kuliko lao. Wakajibu, akajibu, hadi mwaka uliofuata. Walimu hao walikuwa na ukaidi wao, lakini mtu aliyezoea madarasa angeweza kuwatabiria hasira: hakuna apendaye kusikia sifa za jirani kutoka kwa bosi wake aliyerudi safari.

Kisha akaingia Howe, yule rafiki wa melini, sasa akiwa mjumbe wa kamati ya shule za Boston. Kwa kawaida wakaguzi walikuja kwa taarifa, wakasikiliza wanafunzi wakijibu kwa mdomo, wakaondoka na pongezi. Mwaka 1845 Howe na wenzake waliingia bila hodi wakiwa na maswali yaliyochapishwa, yale yale kwa kila shule, majibu yaandikwe. Matokeo yalikuwa mabaya: watoto walikumbuka maneno ya kitabu, wakashindwa kueleza maana yake. Baadhi ya walimu wakuu walipoteza nafasi zao. Mann alichapisha sehemu za ripoti hiyo katika jarida lake la elimu, akaihimiza miji mingine ifuate mtindo huo.